Harvey Washington Wiley

Harvey Washington Wiley (18 Oktoba 1844 – 30 Juni 1930) alikuwa mwanakemia, daktari na mtumishi wa umma wa Marekani. Kuanzia mwaka 1883 hadi 1912 alikuwa mkuu wa kemia katika Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Anajulikana hasa kwa kupigania Sheria ya Vyakula na Dawa Safi ya mwaka 1906, sheria ya kwanza ya kitaifa nchini Marekani iliyokataza kwa jumla uuzaji wa vyakula vilivyochakachuliwa au vyenye lebo za udanganyifu kutoka jimbo moja hadi jingine.

Ofisi aliyoiongoza ndiyo iliyokuja kuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi FDA. Kanuni zinazotumika leo katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, kwamba lebo ya chakula kilichofungashwa itaje kwa ukweli kilichomo ndani, zina uhusiano na mapambano ya wakati wake. Maisha yake yanaonyesha pia kwamba kupitisha sheria ni kazi moja na kuitekeleza ni kazi nyingine, na mara nyingi hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi.

Maisha ya awali na elimu

Wiley alizaliwa katika nyumba ya magogo kwenye shamba karibu na kijiji cha Kent, jimbo la Indiana. Baba yake, Preston Wiley, alikuwa mkulima na mhubiri asiyelipwa, na alipinga utumwa waziwazi. Mama yake aliitwa Lucinda Maxwell. Watoto walifanya kazi za shamba pamoja na wazazi, na Wiley alikua akijua jinsi maziwa, siagi, nafaka na sharubati ya mtama vinavyopatikana kabla havijafika sokoni.

Mwaka 1863 alijiunga na Chuo cha Hanover kilichokuwa karibu na kwao. Mwaka uliofuata aliacha masomo kwa miezi michache ili kutumikia jeshi la Muungano katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kisha akarudi na kuhitimu mwaka 1867. Alifundisha Kigiriki na Kilatini katika chuo kimoja cha Indianapolis huku akisomea udaktari, na mwaka 1871 alipata shahada ya udaktari katika Chuo cha Tiba cha Indiana. Hata hivyo hakufanya kazi ya kutibu wagonjwa kwa muda mrefu. Alivutiwa zaidi na kemia, akaenda Chuo Kikuu cha Harvard na kupata shahada ya sayansi mwaka 1873.

Mwalimu wa chuo kikuu

Chuo Kikuu cha Purdue kilipofunguliwa Indiana mwaka 1874, Wiley alikuwa profesa wake wa kwanza wa kemia. Mwaka 1878 alisafiri hadi Ujerumani, nchi iliyoongoza dunia katika kemia wakati huo. Mjini Berlin alihudhuria mihadhara ya August Wilhelm von Hofmann na kujifunza namna maabara ya serikali ya huko ilivyochunguza vyakula. Alijifunza pia kutumia polariskopu, chombo kinachopitisha mwanga ndani ya kimiminika ili kutambua aina ya sukari iliyomo na wingi wake.

Aliporudi, halmashauri ya afya ya jimbo la Indiana ilimwomba achunguze sukari na sharubati zilizouzwa madukani. Aligundua kwamba bidhaa nyingi zilizoitwa asali au sharubati zilikuwa zimechanganywa na glukosi ya mahindi, ambayo bei yake ilikuwa ndogo. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1881. Tangu wakati huo Wiley alishikilia kwamba glukosi si sumu, na mtu anayeitaka ana haki ya kuinunua. Kosa ni kumuuzia glukosi kwa jina na bei ya asali.

Huko Purdue inakumbukwa pia kwamba wadhamini wa chuo walimwita na kumkemea kwa sababu aliendesha baiskeli hadharani na kucheza mpira na wanafunzi, mambo ambayo kwa maoni yao hayakumfaa profesa.

Mkuu wa kemia wa serikali

Mwaka 1883 Wiley alianza kazi mjini Washington, D.C. kama mkuu wa kemia wa Wizara ya Kilimo. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kutafiti kama Marekani ingeweza kujitosheleza kwa sukari kwa kutumia mtama na viazisukari. Polepole aliigeuza ofisi yake ndogo kuwa kituo cha uchunguzi wa vyakula.

Mwaka 1884 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanakemia wa serikali waliokubaliana kutumia njia zilezile za vipimo. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Bila njia ya pamoja, mwanakemia wa jimbo moja angeweza kusema maziwa yameongezwa maji, na wa jimbo jingine akasema ni safi, na mahakama isingejua imwamini nani. Kesi yoyote ya chakula inasimama juu ya kipimo ambacho kila maabara inaweza kukirudia na kupata jibu lilelile.

Kuanzia mwaka 1887 ofisi yake ilitoa mfululizo wa vitabu kuhusu vyakula na uchakachuaji wake. Sehemu ya kwanza ilihusu bidhaa za maziwa. Sehemu nyingine zilizofuata zilihusu viungo, vileo, mafuta ya nguruwe, hamira ya unga, sukari, chai, kahawa na vyakula vya makopo. Wachunguzi walikuta kahawa iliyochanganywa na nafaka zilizochomwa, pilipili iliyoongezwa maganda yaliyosagwa, na mboga za makopo zilizotiwa rangi ya kijani kwa chumvi za shaba.

Siagi bandia na jibini ya kughushi

Bidhaa za maziwa ndizo zilizoleta sheria za kwanza za kitaifa katika eneo hili. Mwaka 1886 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya majarini, iliyoweka kodi na masharti kwa siagi bandia iliyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama.

Baada ya hapo lilikuja suala la jibini. Baadhi ya viwanda viliondoa mafuta yote ya maziwa na kuyauza kama siagi, kisha vikatia mafuta ya nguruwe au ya mbegu za pamba ndani ya maziwa yaliyobaki na kuyagandisha kuwa jibini. Kwa macho, bidhaa hiyo ilifanana na jibini halisi. Ilisafirishwa pia hadi Uingereza kwa jina la jibini ya Marekani, na wanunuzi wa huko walipogundua, sifa ya wakulima wote wa Marekani iliharibika, hata ya wale waliouza jibini safi.

Tarehe 6 Juni 1896 ilipitishwa sheria ya kitaifa kuhusu jibini hiyo iliyojazwa mafuta mengine. Haikuipiga marufuku. Iliweka kodi kwa watengenezaji na wauzaji, na kuamuru kwamba bidhaa ipigwe chapa inayoitaja kwa jina lake. Mwaka 1904 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Cornell dhidi ya Coyne, ilikubali kwamba kodi hiyo inatozwa hata kwa jibini iliyotengenezwa ili kuuzwa nje ya nchi. Hivyo, miaka 10 kabla ya sheria kuu ya Wiley, jibini ilikuwa imekwisha kuleta wazo kwamba serikali inaweza kuruhusu bidhaa hafifu iuzwe, mradi mnunuzi aambiwe ni kitu gani.

Udhaifu wa sheria hizo ulikuwa kwamba zilihusu chakula kimoja kimoja, na zilisimamiwa na watoza kodi, si wanakemia. Wiley alitaka sheria moja kwa vyakula vyote.

Majaribio ya mezani

Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Marekani vilitumia dawa nyingi za kuhifadhia chakula, hasa kwa sababu majokofu yalikuwa bado machache. Boraksi ilitiwa kwenye nyama na siagi. Formaldehaidi, dawa inayotumika kuhifadhia maiti, ilitiwa kwenye maziwa ili yasichache haraka. Hakuna sheria ya kitaifa iliyowalazimisha watengenezaji kuandika dawa hizo kwenye lebo, wala kuthibitisha kwamba hazidhuru.

Mwaka 1902 Bunge lilimpa Wiley dola 5,000 ili achunguze athari za dawa hizo kwa binadamu. Alifungua chumba cha kulia katika jengo la ofisi yake na kuchagua vijana 12 wa kiume wenye afya nzuri waliojitolea. Walipewa chakula bora bila malipo. Kwa sharti la jaribio, hawakuruhusiwa kula kitu chochote mahali pengine, walipimwa uzito na mapigo ya moyo, na vinyesi na mikojo yao ilikusanywa ili kupimwa. Waliahidi pia kutoidai serikali fidia endapo wangedhurika.

Jaribio la kwanza lilikuwa la boraksi. Yalifuata ya asidi ya salisili, asidi ya sulfurasi, asidi ya benzoiki na formaldehaidi. Kipimo kiliongezwa hatua kwa hatua. Vijana walipata maumivu ya kichwa, kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kukosa hamu ya kula, na baadhi ya majaribio ilibidi yakatishwe kabla ya wakati. Majaribio hayo yaliendelea kwa takriban miaka mitano.

Magazeti yaliwaita vijana hao kikosi cha sumu, na jina hilo likaenea nchi nzima. Mwanzoni Wiley hakupenda mzaha huo, lakini baadaye alitambua kwamba umewafanya watu wa kawaida wajiulize wanakula nini.

Kwa viwango vya sasa majaribio yale yana kasoro. Washiriki walikuwa wachache na wote walikuwa vijana wenye nguvu, hapakuwa na kundi la kulinganisha lililokula chakula kisicho na dawa kwa wakati uleule, na washiriki walijua wanachojaribiwa. Leo kamati ya maadili ya utafiti isingekubali watu waongezewe sumu hadi waugue. Hata hivyo yalikuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo kufanywa kwa utaratibu na kumbukumbu kamili.

Sheria ya 1906

Miswada mingi ya vyakula ilikuwa imepelekwa Bungeni kwa zaidi ya miaka 20 bila kufaulu. Ilipingwa na watengenezaji wa dawa za siri, wachanganyaji wa pombe kali, viwanda vilivyotumia dawa za kuhifadhia, na wabunge walioona kwamba mambo hayo ni ya majimbo.

Wiley alijenga muungano mpana. Aliwaendea madaktari, wanakemia wa majimbo, waandishi wa habari, viwanda vilivyouza bidhaa safi na vilivyoumizwa na ushindani wa bidhaa ghushi, na zaidi ya wote vyama vya wanawake. Alice Lakey wa jimbo la New Jersey alikuwa mmoja wa viongozi walioandika barua na kuhutubia mikutano bila kuchoka. Wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura katika majimbo mengi, lakini wao ndio walionunua chakula na kulisha watoto.

Mapema mwaka 1906 Upton Sinclair alitoa riwaya iitwayo The Jungle, iliyoeleza uchafu wa machinjio ya Chicago. Hasira ya wananchi ilivunja upinzani uliobaki. Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria mbili: ya ukaguzi wa nyama, na ya vyakula na dawa safi. Ya pili ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1907.

Sheria hiyo ilitaja makosa makuu mawili. La kwanza ni uchakachuaji, yaani kuongeza kitu kinachopunguza ubora, kuondoa sehemu yenye thamani, kuficha uharibifu, au kutia kitu chenye madhara. La pili ni lebo ya udanganyifu kuhusu kilichomo au mahali kilikotoka. Dawa zenye pombe, kasumba, kokeini na nyingine kadhaa zilitakiwa kutaja vitu hivyo kwenye lebo. Ofisi ya Kemia ya Wiley ilipewa kazi ya kuchunguza sampuli.

Utekelezaji wa sheria

Utaratibu ulikuwa huu. Mkaguzi alinunua bidhaa iliyovuka mpaka wa jimbo na kuitia lakiri. Wanakemia waliipima. Ikionekana ina kosa, mtengenezaji aliitwa kujieleza, kisha jalada lilipelekwa kwa mwanasheria wa serikali. Serikali ingeweza kumshtaki mtu, au kuomba mahakama ikamate mzigo wenyewe. Ndiyo maana kesi nyingi za wakati huo zina majina ya mapipa na masanduku badala ya majina ya watu. Hukumu zilichapishwa ili wengine waonywe.

Matatizo yalianza mapema. Faini zilikuwa ndogo kulinganisha na faida ya biashara. Sheria haikuweka viwango vya lazima vya muundo wa kila chakula, kwa hiyo mahakamani serikali ilibidi ithibitishe upya siki ni nini au jamu ni nini. Kulikuwa pia na kifungu kilichosamehe vyakula vilivyouzwa kwa jina la pekee la kubuni. Mtengenezaji aliyeogopa kuita bidhaa yake jamu aliweza kuipa jina jipya na kuendelea kuiuza, hata kama haikuwa na matunda ya kutosha.

Watengenezaji wengi waliandika kwenye lebo kwamba bidhaa zao zimedhaminiwa chini ya sheria ile. Maana yake ilikuwa tu kwamba mtengenezaji mwenyewe ndiye mdhamini, lakini wanunuzi walidhani serikali imeikagua bidhaa na kuikubali. Baadaye serikali ililazimika kuyafuta maneno hayo.

Upinzani mkubwa zaidi ulitoka ndani ya serikali. Wiley aliamini kwamba dawa ya kuhifadhia isiruhusiwe mpaka anayeiuza athibitishe kuwa ni salama. Waziri wa Kilimo, James Wilson, aliona msimamo huo unaumiza viwanda. Mwaka 1907 aliunda bodi ya ukaguzi ya watu watatu, na wenzake Wiley, Frederick Dunlap na George McCabe, mara nyingi walipiga kura dhidi yake. Mwaka 1908 iliundwa kamati ya wanasayansi chini ya Ira Remsen ili kupitia upya matokeo ya Wiley. Mwaka 1909 kamati hiyo ilisema benzoeti ya sodiamu kwa kiasi kidogo haidhuru, na serikali ikairuhusu mradi itajwe kwenye lebo.

Rais Roosevelt naye aliudhika pale Wiley alipoishutumu sakarini mbele yake, kwa kuwa daktari wa Rais alikuwa amemshauri kuitumia badala ya sukari.

Kesi maarufu

Mwaka 1909 maofisa walikamata mapipa 40 na vipipa 20 vya sharubati ya Coca-Cola mjini Chattanooga, Tennessee. Wiley alidai kwamba kafeini iliyoongezwa inadhuru, hasa kwa watoto, na kwamba jina la kinywaji linadanganya kuhusu kilichomo. Mwaka 1911 hakimu wa Chattanooga aliamua kwa upande wa kampuni. Mwaka 1916 Mahakama Kuu ilisema kesi isikilizwe tena, kwa kuwa kafeini ingeweza kuhesabiwa kama kitu kilichoongezwa hata kama imo katika mapishi ya siku zote. Kesi iliisha kwa mapatano: kampuni ilipunguza kafeini na kulipa gharama.

Katika kesi ya unga wa ngano uliofanywa mweupe kwa kemikali, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1914 kwamba kuwepo tu kwa kitu chenye sumu hakutoshi. Serikali sharti ionyeshe kwamba kiasi kilichomo katika chakula chenyewe kinaweza kudhuru afya. Uamuzi huo uliendelea kuweka mzigo wa ushahidi begani mwa serikali, kinyume cha alivyotaka Wiley.

Kujiuzulu

Mwaka 1911 wapinzani wa Wiley wizarani walimshtaki kwamba alikubali mtaalamu wa dawa, Henry Rusby, alipwe zaidi ya kiwango cha sheria. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alipendekeza aachishwe kazi. Wananchi na magazeti walimtetea, kamati ya Bunge ikachunguza, na Rais William Howard Taft akamwondolea lawama.

Alibaki kazini, lakini masuala ya dawa za kuhifadhia yalikuwa yametolewa mikononi mwake. Tarehe 15 Machi 1912 alijiuzulu, akiwa na umri wa miaka 67. Mwaka huohuo alimuunga mkono Woodrow Wilson katika uchaguzi wa rais.

Maisha baada ya serikali

Wiley alioa akiwa na umri mkubwa. Tarehe 27 Februari 1911 alifunga ndoa na Anna Kelton, mtumishi wa maktaba ya Bunge aliyekuwa amemposa miaka mingi kabla na kukataliwa. Anna alipigania haki ya wanawake kupiga kura na alifungwa kwa ajili hiyo mwaka 1917. Walizaa wana wawili.

Baada ya kuacha serikali, Wiley aliongoza maabara na safu ya afya ya gazeti la Good Housekeeping hadi mwisho wa maisha yake. Bidhaa zilizotaka kutangazwa humo zilipimwa kwanza. Aliendelea kuwafundisha wasomaji namna ya kusoma lebo, na katika miaka ya 1920 alionya juu ya uhusiano wa tumbaku na saratani.

Mwaka 1929 alichapisha kwa gharama yake kitabu kikali kuhusu namna sheria ya 1906 ilivyodhoofishwa na watekelezaji wenyewe. Kitabu chake cha maisha yake kilitoka mwaka 1930. Mapema zaidi alikuwa ameandika vitabu vya uchambuzi wa kilimo na, mwaka 1907, kitabu kuhusu vyakula na uchakachuaji wake.

Kifo

Alifariki nyumbani kwake Washington tarehe 30 Juni 1930, siku ambayo sheria yake ilitimiza miaka 24 tangu kutiwa saini. Alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Mwaka 1956, sheria ilipotimiza miaka 50, posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake.

Jibini iliyosindikwa na sheria ya 1938

Swali ambalo Wiley aliliacha bila jibu, yaani nani aamue jina la chakula, linaonekana vizuri katika historia ya jibini iliyosindikwa. Bidhaa hii hutengenezwa kwa kusaga jibini, kuiyeyusha kwa moto pamoja na chumvi maalumu zinazozuia mafuta yasijitenge, kisha kuifungasha. Walter Gerber na Fritz Stettler waliitengeneza nchini Uswisi mwaka 1911. James L. Kraft, mzaliwa wa Kanada, alipata hataza ya njia yake nchini Marekani mwaka 1916. Jibini hiyo haiharibiki haraka na inasafiri vizuri hata bila jokofu, hivyo ilinunuliwa kwa wingi na jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza.

Si bidhaa mbaya yenyewe. Tatizo ni kwamba ikishayeyushwa ni rahisi kuongeza maji, unga wa maziwa au mafuta mengine bila mlaji kutambua kwa ulimi wala kwa macho. Sheria ya 1906 haikusema mstari uchorwe wapi. Hadi mwaka 1923 hata siagi haikuwa na kipimo cha kitaifa. Mwaka huo Bunge liliamua kwamba siagi lazima iwe na mafuta ya maziwa asilimia 80 au zaidi.

Mwaka 1937 zaidi ya watu 100 walikufa nchini Marekani kwa dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kiyeyushi chenye sumu. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi iliyochukua nafasi ya ile ya 1906. Iliipa FDA mamlaka ya kuweka viwango vya utambulisho, yaani maelezo ya kisheria ya kila chakula: lazima kiwe na nini, kiasi gani, na kiitweje.

Chini ya viwango hivyo, jibini iliyosindikwa ina madaraja. Daraja la juu hutengenezwa kwa jibini yenyewe, na chumvi za kuyeyushia haziruhusiwi kuzidi asilimia 3 ya uzito. Madaraja mawili yanayofuata, lile la chakula cha jibini na lile la jibini ya kupaka, yanatakiwa kuwa na jibini isiyopungua asilimia 51. Katika la kwanza unyevu hauzidi asilimia 44 na mafuta ya maziwa hayapungui asilimia 23. Katika la pili unyevu unaweza kufika asilimia 60, na mafuta hayapungui 20. Bidhaa isiyofikia vipimo hivyo haikatazwi, lakini haina haki ya kutumia majina hayo. Mwaka 2002 FDA iliionya kampuni ya Kraft kwa sababu bidhaa yake ya Velveeta iliitwa jibini ya kupaka ilhali ilikuwa na protini ya maziwa iliyokolezwa, kitu ambacho kiwango hakikukiruhusu. Kampuni ilibadilisha maelezo kwenye lebo.

Tathmini

Wanahistoria hawakubaliani kabisa kuhusu Wiley. Wengine wanamwona mlinzi wa mlaji aliyekataa kununuliwa. Wengine wanasema alikuwa mkaidi, alichanganya madhara ya kweli na vitu visivyompendeza, na alitumia nguvu nyingi kupigana na kafeini na sakarini. Benzoeti aliyoipinga bado inatumika kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Kwa upande mwingine, formaldehaidi na boraksi ziliondolewa katika vyakula vya Marekani. Wazo lake kwamba anayeongeza kitu kwenye chakula ndiye athibitishe usalama wake liliingizwa katika sheria ya Marekani mwaka 1958, miaka 28 baada ya kifo chake.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Mfumo wa namna hiyo ulienea duniani hasa baada ya FAO na WHO kuanzisha tume ya Codex Alimentarius mwaka 1963. Nchini Tanzania Shirika la Viwango (TBS) liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Sheria ya ubora wa vyakula ilipitishwa mwaka 1978, na ile ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, iliyounda TFDA. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulihamishiwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kenya ina KEBS, Uganda ina UNBS, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha pamoja cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38.

Umuhimu wa lebo unaonekana zaidi katika wilaya za mpakani kama Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Maziwa ya jirani mnunuzi anaweza kuyapima kwa laktomita, kwa kuwa maji yakiongezwa msongamano wa maziwa hupungua. Lakini mtu anayenunua kopo la maziwa ya unga au kipande cha jibini iliyosindikwa katika duka la Kayanga au Murongo hana maabara. Anachoweza kufanya ni kusoma jina la bidhaa, viambato, mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora, na kuamini kwamba kuna mkaguzi aliyechukua sampuli na kuipima. Mkaguzi huyo asipokuwepo, alama iliyo kwenye kopo haina nguvu kuliko yale maneno ya udhamini yaliyowapoteza wanunuzi wa Marekani baada ya mwaka 1907.